Mgeuko wa mshindo

Pita Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, uisikie istilahi hii kabla hujaisoma. Fundi wa masanduku ya shule halilalii bati likunjike polepole, analigonga. Nyundo ikitua, bati linabonyea papo hapo, na alama ya pigo hubaki hata likishapakwa rangi.

Pigo la namna hiyo likilipata jiwe, wanajiolojia huita matokeo yake "shock metamorphism". Tafsiri ya haraka ni "mgeuko wa mshtuko", nami siikubali. Mshtuko ni wa moyo, au wa mtu aliyeshika waya wa stima. "Shinikizo" nalo halitoshi, maana laweza kuwa la taratibu, kama joto na uzito vilivyounda miamba geu ya Ukambani kwa muda mrefu sana. Hapa ni pigo la ghafla: kimondo kinagonga ardhi, wimbi linapenya jiwe kwa kasi kuliko sauti, na mambo yamekwisha kabla hujakupua jicho. Kiswahili kina neno la pigo zito kama hilo: mshindo.

Chukua chembe moja inayong'aa kwenye mchanga wa Machakos uliomwagwa mbele ya ploti inayojengwa Umoja. Hiyo ni kwatsi. Mshindo wenye kanieneo mara 100,000 hivi ya lile la hewa tunayovuta huichora ndani mistari sambamba, myembamba mno, isiyoonekana ila kwa hadubini. Mshindo ukizidi, atomi zenyewe hupangwa upya, na kwatsi ikawa madini yaitwayo stishoviti. Katika kwatsi, kila atomi ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne. Katika stishoviti, sita. Kemikali ni ile ile, lakini madini ni mengine, mazito zaidi. Madini ya felspa nayo hugeuka kioo bila kuyeyuka, jambo ambalo hadi leo hunistaajabisha.

Alama hizi ni ushahidi. Mwaka 1960 koesiti, ndugu yake stishoviti, ilipatikana katika shimo kubwa la Arizona, Marekani, ikathibitisha kwamba shimo lile lilichimbwa na kimondo, si volkano.

Walimu wa jiografia wa Jericho, Kayole na Dandora, mkifika kwenye miamba geu, wapelekeni wanafunzi Kamukunji kwanza, wasikie nyundo. Kisha andikeni ubaoni: mgeuko wa mshindo.