Ule mtungi mwekundu ndani ya gari

Wiki iliyopita nilipiga simu nyumbani, shemeji yangu mwenye Hiace akanitania kwamba mtungi wa kuzimia moto alionao kwenye gari ni "wa trafiki". Yaani kaununua ili akisimamishwa barabarani asipigwe faini, na tangu siku hiyo uko chini ya siti na matambara. Nilicheka, lakini baadaye nikaona hapana, hili si la kucheka. Mtungi ule una historia ndefu, na kila hatua ya historia hiyo kuna mtu aliyelipia kwa maisha yake. Leo niwasimulie.

Mtungi wa kubebeka tunaoujua ulianzia huku huku Uingereza. Mwanzoni mwa karne ya 19 alikuwepo Kapteni George William Manby, mtu wa mkoa wa Norfolk. Alitengeneza chombo cha shaba chenye maji yaliyochanganywa na kabonati ya potasi, akashindilia hewa ndani ili ukifungua maji yaruke kwa nguvu. Wazo lile la kushindilia hewa ndilo tunalolitumia mpaka leo. Lakini wakati wa Manby magari hayakuwepo. Moto ulikuwa wa nyumba, mbao na nguo, na maji yalitosha.

Magari yalipokuja yalileta petroli, na hapo maji yakashindwa kazi. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukiimwagia maji inaelea juu yake huku inawaka, na unausambaza moto badala ya kuuzima. Ikabidi watu watafute kitu kingine.

Mwaka 1910 kampuni ya Pyrene ya Marekani iliomba hataza ya kuzimia moto kwa kemikali iitwayo kaboni tetrakloridi, na mwaka 1911 ikaleta mtungi mdogo wa shaba wenye pampu ya mkono. Ulikuwa mdogo wa kutosha kukaa ndani ya gari, na unazima petroli vizuri. Watu wakaupenda, ukaenea sana kwenye magari ya miaka ile.

Sasa hapa naongea kama nesi. Ile kemikali ni sumu. Mvuke wake ukiuvuta unaharibu ini na figo. Mbaya zaidi, ikikutana na moto mkali inaweza kuzaa gesi ya fosjini, ile ile iliyotumika vitani mwaka 1914 hadi 1918 na kuua askari wengi kuliko gesi nyingine zote za vita vile. Fikirini mtu amefunga vioo vya gari, anapampu dawa ya kumwokoa, kumbe anajitilia sumu mwenyewe! Ilichukua miaka mingi mpaka mitungi hiyo ikaachwa, katikati ya karne ya 20.

Ikafuata halon, gesi safi isiyoacha uchafu. Hiyo nayo ikagundulika inatoboa tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal ulisainiwa mwaka 1987, na mwanzoni mwa 1994 nchi tajiri zikaacha kuitengeneza. Mitungi ya kaboni dayoksaidi ilikuwepo tangu miaka ya 1920, lakini nje barabarani upepo unaipeperusha gesi ile, na kwa kuwa haipozi chuma sana, moto unaweza kurudi. Ndiyo maana mingi ya mitungi ya magari leo ina unga mkavu. Unga unaukata mwako wenyewe, na hauondoki na upepo haraka kama gesi.

Lakini kuwa na mtungi ni jambo moja, kujua mpaka wake ni jambo jingine. Tarehe 29 Julai 1973, kwenye mashindano ya magari huko Zandvoort, Uholanzi, gari la kijana Mwingereza Roger Williamson lilipinduka likashika moto, naye kabanwa ndani. Dereva mwenzake David Purley alisimamisha gari lake, akakimbia, akajaribu kuligeuza kwa mikono, akachukua mtungi na kuumalizia wote kwenye moto. Haukutosha. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na nguo za kuhimili moto, hawakuweza kusogea. Williamson alifia mle kwa kukosa hewa. Purley alipewa nishani ya George kwa ushujaa wake.

Mwaka 1976 Niki Lauda naye aliungua Nürburgring, Ujerumani, akatolewa na madereva wenzake. Dunia nzima iliona makovu ya uso wake, lakini kilichokaribia kumuua ni moshi na hewa ya moto aliyovuta mapafuni. Hilo nawaomba mlishike: mtu aliyetoka kwenye moto ana masizi puani na sauti imekwaruza, mpelekeni hospitali haraka, hata kama anatembea na kusema yuko sawa. Njia ya hewa huvimba taratibu.

Na sisi tuna historia yetu, tena inauma. Januari 2009 Sachangwan, Kenya, zaidi ya watu 100. Julai 2010 Sange, Kongo, zaidi ya 200, wengine wakiwa wanatazama mpira wa Kombe la Dunia. Agosti 10, 2019, Msamvu, Morogoro, zaidi ya 100. Mara zote tatu lori la mafuta lilianguka, na watu walikuwa wanachota. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini bila kuonekana, unasubiri cheche moja tu ya sigara au ya pikipiki. Hapo hakuna mtungi wa kusaidia. Ukiona tanka limelala, kimbia upande upepo unakotoka, na waite watoto wakufuate. Ndoo ya mafuta haina thamani ya ngozi yako, na wenye njaa iliyowasukuma kuchota sitawacheka kamwe.

Basi shemeji, na wote wenye magari: toeni mtungi chini ya matambara, ufungwe mahali dereva anapoufikia. Angalieni mshale uko kwenye kijani. Gari likitoa moshi, zima injini, shusha abiria wote kwanza, waende mbali, pigeni 114. Boneti usiifungue wazi, ukiipa moto hewa unakurukia usoni. Chomoa pini, elekeza chini kwenye shina la moto, minya, fagia kushoto na kulia. Mtungi wa kilo moja unaisha kwa sekunde kama kumi tu. Ukiisha na moto upo, ondoka. Gari litanunuliwa jingine.

Aliyeungua mwagieni maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, vueni pete na saa mapema kabla vidole havijavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi msiivute. Dawa ya meno, mafuta na mayai viacheni jikoni na bafuni, tafadhali sana. Sisi manesi tunapata kazi ya kuvikwangua, na mgonjwa analia upya.

Msalimieni mama, na konda wa shemeji naye afundishwe. Tutaongea Jumapili, Mungu akipenda.