Majina na Nasaba za Abagusii

Kwa Abagusii jina si alama tupu ya kumtambulisha mtu, bali ni amana iliyoachwa na marehemu, kwani desturi ya kale, inayodumu hata leo katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira nchini Kenya, ni mtoto kurithi jina la babu au bibi aliyekwisha kufariki. Mengine huhifadhi hali ya kuzaliwa: Kwamboka hutokana na kuvuka, Nyanchera na njia, Kerubo na nyika, na katika majina haya matatu ya kike, mazuri mno, husikika bado safari za wahenga kabla ya kutua katika vilima hivi.

Ama nasaba ya baba (na mgeni asistaajabu, kwani kwa Ekegusii, lugha yao, baba huitwa tata, na neno baba ni la mama), kila watu huionyesha kwa njia yao: Waayalandi wa kale walitanguliza Mac, yaani mwana, au Ó, yaani mjukuu, hali Abagusii huliweka jina la mwana na la baba bega kwa bega, kama alivyojulikana shujaa Otenyo Nyamaterere, ambaye mwaka 1908, kwa hamasa ya Moraa mwaguzi, alimchoma mkuki afisa Mwingereza, Northcote. Kiambishi aba- nacho hukusanya kizazi kizima: Abagirango ni wana wa Mogirango, na Abagusii wote, kwa masimulizi ya wazee, ni wana wa Mogusii.

Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu, iliyoanzishwa mwaka 1911, ilileta majina ya ubatizo, yakawekwa mbele ya jina la babu.