Mali Bila Daftari

Ewe msomaji kijana, siku utakapopita katika soko la Gikomba, mashariki ya jiji la Nairobi, simama kidogo utazame robota la mitumba likifunguliwa. Shati lililotupwa na mtu wa nchi ya mbali hukung'utwa, hukunjuliwa, likapata bwana mpya. Soko hilo hutufundisha kwamba kitu alichokichoka mmoja huweza kuwa hazina ya mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa vipindi vya zamani vya televisheni.

Televisheni ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Zama zile kanda za picha zilikuwa ghali mno, na mashirika kadha wa kadha ya utangazaji duniani yalifuta vipindi vilivyokwisha kuonyeshwa, ili kanda zitumike tena. BBC ya Uingereza ilifanya hivyo kwa tamthilia ya Doctor Who, iliyoanza mwaka 1963. Hata leo vipindi vyake zaidi ya 90 havijapatikana. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 kati ya vilivyopotea vimegunduliwa katika mji wa Jos, Nigeria. Viliuzwa kwanza mtandaoni, kisha katika diski za DVD. Kilichotupwa London kilikuwa kimesalia Afrika!

Lakini kusalia ni jambo moja, na kuwafikia watu ni jambo jingine. Hapo zamani, kampuni ilipotaka kuuza filamu katika diski ilitengeneza maelfu kwa pamoja na kuzisambaza madukani. Filamu yenye wanunuzi wachache iliachwa ghalani. Mwezi wa Machi mwaka 2009, kampuni ya Warner ya Marekani ilianzisha njia nyingine: filamu za kale, na baadaye tamthilia za televisheni, zilichomwa katika diski mojamoja kila zilipoagizwa, na mwanzoni ziliuzwa kwa intaneti tu.

Njia hiyo iliokoa kazi nyingi zisisahauliwe, ijapokuwa ilikuwa na upungufu wake. Asiye na intaneti alibaki nje. Tena, DVD hugawanywa kwa maeneo: diski ya Marekani ni ya eneo la 1, na Kenya imo katika eneo la 5, hivyo aghalabu mashine ya hapa huikataa ya kule, hata ikiwa imenunuliwa kwa haki.

Je, wakazi wa mitaa ya Eastlands walikaa bure? La, hasha. Katika vibanda vya filamu, mteja alitaja jina la filamu, akachomewa diski yake papo hapo kwa bei ndogo. Kazi ilikuwa ile ile ya Warner, ila kwa kawaida mwenye haki hakuombwa ruhusa, wala mwigizaji hakupata hata senti. Basi kule kulikuwa na sheria pasipo mlango wa mnyonge, na huku kulikuwa na mlango pasipo sheria.

Sasa tazama mambo ya kwetu. Vitimbi na Vioja Mahakamani viliwachekesha wazee wetu kwa miaka mingi. Benson Wanjau, aliyejulikana kwa jina la Mzee Ojwang, alifariki mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka huo atamjua kwa njia gani, kama si kwa nakala iliyotunzwa vyema na kutolewa kwa haki? Mfanyabiashara huchoma kile kinachoagizwa. Kisichoulizwa na mtu huachwa kikaoza.

Kwa hiyo, kijana, jifunze kuuliza. Waulize wazee wako walitazama nini, na jirani gani alikuwa na televisheni. Andika majina na miaka. Huenda kesho wewe ndiwe utakayekabidhiwa ufunguo wa ghala la kanda, na mtu akuambie kwamba zimezeeka, zitupwe. Siku hiyo likumbuke robota la Gikomba, ukumbuke na neno la wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari.