JWTZ ugenini: Heshima isisubiri majeneza

UKIMWULIZA mzee wa Kimali, mkoani Simiyu, habari za wanajeshi wetu waliopigana nje ya mipaka, yaelekea ataanza na Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera Oktoba 1978, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akalitangazia taifa kuwa sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi vilikuwapo. Vijana walijiunga na mgambo, wananchi wakachangia ng'ombe na nafaka kwa ajili ya askari. Kampala ilitekwa Aprili 11, 1979. Kila kaya ilijua vita ile ni ya nini.

Leo Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa Septemba 1, 1964, huvuka mipaka kwa sababu nyingine. Huenda kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika au Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC). Wanajeshi wake wamepata kutumikia Lebanon, Jamhuri ya Afrika ya Kati na Msumbiji. Yafuatayo ni matukio matatu ambayo msomaji hana budi kuyafahamu.

Komoro: Machi 25, 2008, askari wa Tanzania na Sudan, wakishirikiana na jeshi la Komoro, waliingia katika kisiwa cha Nzwani na kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, aliyekuwa amekataa kuachia madaraka.

Darfur, Sudan: Julai 13, 2013, msafara wa walinda amani ulishambuliwa kwa kuviziwa. Watanzania saba waliuawa, na watu 17 walijeruhiwa.

Kongo: Machi 2013, Baraza la Usalama lilipitisha Azimio namba 2098, lililounda Brigedi ya Kuingilia Kati. Tanzania, Afrika Kusini na Malawi zilitoa askari, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kabla ya mwaka huo kwisha, waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Lakini Desemba 7, 2017, kambi ya Semuliki, wilayani Beni, ilishambuliwa. Awali vilitangazwa vifo 14. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulieleza baadaye kuwa Watanzania 15 waliuawa, 43 walijeruhiwa na mmoja hakuwa amepatikana.

Ni dhahiri kuwa majina kama Semuliki hulifikia taifa siku ya msiba tu. Majeneza hupokewa kwa gwaride na bendera, viongozi hutoa rambirambi, kisha kimya hurejea. Familia iliyobaki huendelea kuubeba msiba peke yake. Na kwa ile ambayo mtoto wake hakuonekana, hata kaburi la kulilia halipo.

Julai 25 ya kila mwaka ni Siku ya Mashujaa, na Mei 29 ni siku ya kimataifa ya walinda amani. Siku hizo zingefaa kutumika kuwaeleza wananchi, Kimali hata Dar es Salaam, askari wetu wako wapi, wametumwa kufanya nini na nani aliwatuma. Wazee waliotoa ng'ombe mwaka 1978 walijivunia jeshi walilolijua. Kizazi cha sasa nacho kinastahili kulijua.