Gurudumu, Breki na Kipande cha Chuma

Watu wa Goma hawajaisahau tarehe 15 Aprili 2008. Siku ile eropleni ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora ilikimbia ili kuruka, isiweze kupanda. Ikapita mwisho wa njia yake, ikaingia mtaa wa Birere, penye nyumba na maduka. Watu karibu 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria, bali wenyeji wa mtaa.

Mara maneno yakaenea. Huyu alisema ni injini, yule alisema ni mpira wa gurudumu, mwingine alisema ni mvua. Tena kila mtu alijua habari ya njia yenyewe: tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na mawe yake yakafunika karibu theluthi moja ya njia ya ndege. Mwaka 2008 sehemu ile ilikuwa haijafunguliwa bado. Eropleni iliyoshindwa kuruka haikuwa na nafasi ya kutosha ya kusimama.

Basi, sababu ni ipi? Twapenda kutaja moja tu, kisha kumtafuta wa kulaumiwa. Walakini ajali haina mzazi mmoja. Ili tulielewe jambo hili, tutazame ajali nyingine ya Afrika yetu, ambayo asili yake ilitafutwa hata ikajulikana.

Mwaka 1972 Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na shirika moja la ndege, East African Airways. Tarehe 18 Aprili eropleni yake kubwa aina ya Super VC10, iliyotoka Nairobi kwenda Ulaya, ilikuwa Addis Ababa ikijiandaa kuruka. Ndani walikuwamo watu 107. Ilipokuwa katika mbio, mpira wa gurudumu la mbele ulipasuka, na eropleni nzima ikatetemeka. Rubani aliacha kuruka, akafunga breki. Walakini breki hazikushika kwa nguvu zote. Eropleni ilipita mwisho wa njia, ikaporomoka ukingoni, ikavunjika na kuwaka moto. Watu 43 walikufa.

Katika kazi kama hiyo wachunguzi hawaanzi kwa kuuliza, “Nani mkosaji?” Hupima alama za mipira njiani, huokota vipande kimoja kimoja, hufungua mitambo na kuilinganisha na vitabu vya mafundi. Huko Addis Ababa walikuta mambo mawili. La kwanza, gurudumu lilikuwa limekanyaga kipande cha chuma kilichoachwa njiani, cha kuwekea jeki kwenye eropleni ndogo aina ya Cessna. La pili, sehemu moja ya mitambo ya breki ilifunguliwa zamani kwa matengenezo, kisha ikarudishwa visivyo.

Tufikiri kidogo. Kama chuma kile kisingekuwapo, pengine kosa la breki lingekaa limefichika. Kama breki zingekuwa nzima, mpira uliopasuka pengine ungekuwa hadithi ya kusimulia nyumbani. Mambo mawili madogo yalikutana, na watu 43 wakapotea. Yule aliyeangusha chuma hakukusudia mabaya. Hata fundi aliyefunga breki alidhani kazi yake imekwisha.

Kwa hiyo kanuni za mataifa, zilizotokana na Mapatano ya Chicago ya 1944, zasema kwamba shabaha ya uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Mahakama ina kazi yake. Uchunguzi una yake. Fundi aogopaye kuadhibiwa huficha kosa, na kosa lililofichwa hungoja siku yake.

Sisi wa Goma twaishi karibu na njia ya ndege, nasi tuna haki ya kujua. Waliokufa Birere hawakukata tikiti yo yote. Tudai basi ukweli wote: wa gurudumu, wa injini, wa njia, na wa nyumba zilizojengwa mwisho wake. Tukiridhika na uvumi, tutazika tena.