Sauti Nzito: Inanga ya Uha na Gitaa la Besi

Katika muziki wa kila taifa ipo sauti ya juu ambayo kila mtu huisikia na kuisifu, na ipo sauti ya chini inayozibeba nyingine zote, ambayo aghalabu husahauliwa. Jina la mwimbaji hujulikana mitaani. La mpiga besi hulijua wenzake jukwaani. Katika insha hii tumekusudia kuitazama sauti hiyo ya chini kwa njia ya ala mbili: inanga ya nyanda za juu za Kigoma, na gitaa la besi la umeme. Zinatoka mbali mbali, lakini waundaji wake walikabiliwa na swali moja.

Munanila ipo karibu na mpaka wa Burundi, katika sehemu iliyokuwa ya Wilaya ya Kasulu kabla Wilaya ya Buhigwe haijaundwa mwaka 2012. Kiha na Kirundi ni lugha za ndugu. Mpaka unaowatenga wasemaji wake ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wabelgiji ya mwaka 1919. Na mwaka 1921 Wabelgiji, walioitwaa Kigoma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliikabidhi kwa Waingereza. Mstari ule uligawa watawala na kodi, lakini haukuigawa inanga. Ala hii hupatikana pande zote mbili za mpaka na huko Rwanda. Nao Wahaya wanayo ya jamii hiyo hiyo, enanga, ambayo tendi zake zilichunguzwa na M. M. Mulokozi katika tasnifu yake ya mwaka 1986.

Inanga huchongwa kwa kipande kimoja cha mti, mfano wa sinia refu lenye kingo zilizoinuka, na urefu wake hukaribia mita moja. Katika ncha zake mbili hukatwa meno. Uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulitengenezwa kwa mishipa au utumbo wa ng'ombe, hupitishwa kutoka jino hadi jino, kwenda na kurudi, mpaka upatikane mpangilio wa nyuzi sita, nane au zaidi. Mti, ng'ombe na kisu: vyote hivyo mchongaji alivipata nyumbani kwake.

Sauti yake ni nzito na ya upole, na sauti kuu ya mwimbaji ingeimeza. Basi wapigaji, hasa wa Burundi, walibuni uimbaji wa kunong'ona. Mnong'ono peke yake hauna tuni. Lakini mwimbaji anaponong'ona huku nyuzi zikitetema, sikio huziunganisha sauti hizo mbili, na msikilizaji hudhani kwamba ni mtu anayeimba kwa sauti nzito. Huo ni ufundi mkubwa: udhaifu wa ala umegeuzwa kuwa uzuri wake.

Sasa tulitazame swali lenyewe. Uzi ukirefushwa, ukiongezwa unene au ukilegezwa, sauti hushuka. Lakini sauti ya chini sana huhitaji kisanduku kikubwa ili isikike mbali. Ndiyo sababu fidla kubwa ya besi ya Ulaya hukaribia au kupita kimo cha mtu, na kuisafirisha ni taabu. Katika miaka ya 1930, Paul Tutmarc wa Seattle, Marekani, aliunda besi ya umeme inayoshikwa kama gitaa. Ziliuzwa chache, na zilizobaki leo ni adimu mno. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa besi iliyoenea duniani. Ilikuwa na nyuzi nne, kila mmoja ukiwa na urefu wa sentimita 86 hivi, na vipande vya chuma shingoni vya kumwonyesha mpigaji mahali pa sauti. Uzi wake mzito hutetema mara 41 kwa sekunde. Kiwiliwili chake ni ubao mtupu usio na kisanduku, kwa kuwa kazi ya kisanduku hufanywa na sumaku iliyozungushiwa waya: uzi wa chuma ukitetema juu yake huzalisha umeme mdogo, nao hukuzwa na mashine.

Nchini kwetu magitaa ya umeme yaliingia katika bendi za dansi, kama vile NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mwanamuziki akihama, aliviacha. Baada ya Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, na kupata gitaa au hata nyuzi kukawa shida. Hapo ndipo tofauti ya ala zetu mbili ilipodhihirika: uzi wa inanga ulitoka zizini, uzi wa besi ulitoka ng'ambo.

Hatusemi kwamba besi ifukuzwe. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitikia elimu iliyowafunza vijana dansi za wageni na kuwaacha bila kuzijua ngoma zao; hakutaka taifa lijifungie mlango. Tunalosema ni kwamba kijana anayeifahamu besi bila kuifahamu inanga amepewa nusu ya elimu. Bendi ikivunjika, besi nyingine itanunuliwa. Mchongaji wa inanga akifa bila mwanafunzi, hakuna duka litakaloturudishia ujuzi wake.

Walimu waweza kuanza na ubao, misumari miwili na uzi. Wanafunzi na waupige uzi wenye urefu wa sentimita 60, kisha waubane katikati na kupiga nusu yake: watasikia sauti ile ile imepanda daraja nane. Kisha na wamwendee mzee anayejua kuchonga, wamwombe awaonyeshe meno hukatwa wapi, na kwa nini.