Walinzi wa Mwamba wa Chumbe

Mnara wa taa wa Chumbe ulijengwa mwaka 1904, na tangu hapo mabaharia waingiao bandari ya Unguja kwa upande wa kusini wameushika kuwa alama yao ya usiku. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno. Eneo lake linazidi hekta 20 kwa kiasi haba, na sehemu kubwa ni msitu uliomea juu ya mawe makali. Kwa miaka mingi wakaazi wake walikuwa mlinzi wa taa na jamaa zake, na msikiti mdogo waliojengewa ungali umesimama karibu na mnara. Hao ndio walinzi wa kwanza wa Chumbe, na kazi yao ilikuwa kuwalinda watu na mwamba. Walinzi ninaotaka kuwaeleza hapa walikuja baadaye sana, wakapewa kazi iliyo kinyume cha ile: kuulinda mwamba na watu.

Ni ajabu kwamba kulikuwa na mwamba wa kulindwa. Katika miaka ya 1980 sehemu nyingi za pwani yetu zilikwisha kuumizwa na juya la kigumi, ambalo wavuvi wake huyapiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke, na kwingine na baruti. Upande wa magharibi wa Chumbe ulisalimika kwa kuwa uko kando ya mkondo upitao meli za Dar es Salaam, na ngalawa hazikuruhusiwa kuzagaa njiani. Tena jeshi lilikuwa na eneo lake hapo karibu. Amri hizo hazikuwekwa kwa ajili ya samaki. Hata hivyo, chini ya kivuli chake zilihifadhika aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu, na aina zaidi ya 400 za samaki.

Na hapa pana jambo la lugha ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalipima wenyewe. Sisi tulimjua tumbawe kwa nyumba zetu kabla ya kumjua kwa bahari yake. Kwetu tumbawe ni jiwe: hujengewa ukuta, huchomwa likawa chokaa. Kwamba jiwe hilo ni kazi ya vidudu visivyohesabika, vinavyokula na kuzaa na kufa, ni elimu ambayo neno lenyewe halikutubebea. Mvuvi aliyelipiga kwa mti hakuwa na ukatili. Alikuwa akipiga jiwe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi mmoja wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, aliyekwisha kufanya kazi za misaada ya maendeleo, aliunda kampuni iliyoomba kukikodi kisiwa ili wageni wachache walipie gharama za hifadhi na masomo ya watoto. Vibali vilipita idara baada ya idara. Mwamba ulitangazwa kuwa hifadhi mwishoni mwa mwaka 1994, msitu ukafuata mwaka 1995, na wageni wa kulala hawakupokelewa hadi mwaka 1998. Wapo waliouliza, na swali lao ni la haki, vipi bahari ambayo ni mali ya umma itiwe mikononi mwa kampuni. Jibu langu si kamili. Serikali haikuwa na fedha wala chombo cha kuulinda mwamba huo, na mali ya umma isiyo na mlinzi aghalabu huishia kuwa mali ya mwenye wavu mkubwa. Lakini aliyeambiwa asitupe mshipi wake pale alikuwa mtu masikini wa kijiji jirani, si mwenye wavu mkubwa peke yake, na deni hilo kwake lilibaki.

Walioubeba uzito wa deni hilo ni wavuvi wenyewe. Tangu mwaka 1992 vijana wa vijiji vya ng'ambo waliajiriwa kuwa walinzi, wakafundishwa kuogelea na miwani ya kuzamia, kuzitambua aina za matumbawe, na kusema na wageni kwa Kiingereza ambacho wengi hawakukipata skuli. Hawakupewa bunduki. Lilipoonekana dau limetia nanga ndani ya mpaka, mlinzi aliliendea kwa boti yake, akatoa salamu, akauliza hali za nyumbani, kisha ndipo akaeleza. Huenda aliyemo ndani ya dau ni mjomba wake, au mtu aliyemfundisha kutega dema. Maneno aliyokuwa nayo ni mawili tu: kwamba hapa samaki huzaa, na kwamba wakishajaa hutoka nje, kule unakoruhusiwa kuvua. La pili lilikuwa ahadi ya miaka, ilhali mvuvi alitaka kitoweo cha jioni ile. Kila tukio liliandikwa daftarini: chombo cha namna gani, mtego gani, walijibu nini. Boti hiyo hiyo ya doria ndiyo iliyowaendea wavuvi waliovunjikiwa mlingoti au kuzimikiwa na mashine mkondoni, na naona msaada huo ulizituliza nyoyo kuliko hotuba. Baadaye wavuvi wengi walisema kwamba mavuno ya nje ya mpaka yameongezeka.

Watoto wa skuli nao waliletwa bila ya malipo. Mitaala ya wakati ule ilikuwa karibu kimya juu ya matumbawe, na watoto wengi wa kisiwa chetu, hasa wasichana, hawakujua kuogelea. Ni aibu kidogo kuyaandika haya sisi tunaojiita watu wa pwani! Mtoto alivishwa jaketi la kuelea, akashikwa mkono na mlinzi, akatia uso wake majini, akaona kwamba ukuta wa nyumba ya babu yake ulikuwa mtu mzima mwenye uhai. Mwaka 2000 hifadhi hii ilipewa tuzo ya Global 500 ya Umoja wa Mataifa. Waliowashika watoto mikono majina yao hayasikiki mbali.

Pemba walipita njia nyingine. Misali, kisiwa ambacho wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alikifanya msala wake, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998, na huko maimamu na walimu ndio walioshirikishwa kuwakumbusha wavuvi ukhalifa wa mwanadamu juu ya ardhi na ubaya wa israfu. Mahali ambapo sheria ilisikilizwa kwa sikio moja, maneno hayo yalisikilizwa kwa yote mawili.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali na matumbawe mengi ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakapauka na kufa. Mwaka 2016 joto likarudi, na Chumbe nayo ikapauka. Dau lina nahodha, na nahodha husalimiwa. Maji ya moto hayana wa kumwendea kwa boti. Walinzi walizama, wakahesabu yaliyokuwa meupe na yaliyobaki na rangi, wakayaandika.